Asali ya Baba Mkwe Ilivyonitoa Machozi

Wapo walioaibika msibani na wapo walioaibika kanisani, lakini mimi niliaibika ukweni, tena siku ya kwenda kujitambulisha, tena nikiwa nimevaa shati jeupe la kuazima. Leo naweza kusimulia huku nacheka. Siku ile angetokea mtu wa kunicheka ningemrushia kiti.

Kwanza mnijue. Mimi Kulwa ni dereva wa lori. Msimu wa tumbaku nabeba mizigo kutoka Urambo kuja Tabora, nikishusha tu tajiri mwenye lori anapiga simu kwamba kuna pamba Nzega inasubiri, nikitoka Nzega kuna mahindi, kwa hiyo usingizi kwangu ulikuwa kitu cha kuhadithiwa na wenzangu. Ndiyo nikawa mtu wa enaji, haya makopo ya kuongeza nguvu. Na sikuwa nakunywa kama watu, kwamba unafungua, unamaliza, unatupa. Kopo langu linakaa karibu na gia, napiga funda hapa, funda lingine mbele ya daraja, lingine nikipishana na basi, kopo moja linanisindikiza safari nzima na mimi najiona mjanja kwa kubana matumizi. (Kumbe nilikuwa nayaogesha meno kutwa nzima, ila hilo nililijua baadaye.)

Meno yalinipa taarifa mapema, siwezi kusema sikuonywa. Maji ya baridi yakigusa, nashtuka. Machungwa niliyaacha. Nyama nikawa natafunia upande wa kushoto tu. Nikajiambia ni uchovu. Hivi umeshasikia wapi jino linachoka?

Sasa kulikuwa na Nyamizi, mwalimu wa chekechea pale Tabora mjini, binti ambaye nikimwona hata honi nasahau kupiga. Tulikubaliana niende kwao Urambo na mshenga. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Nkwabi, Mmoraviani wa kweli kweli na mrina asali anayejulikana, mwenye mizinga yake porini, ambaye inasemekana alishamkataa mchumba wa dada mtu kwa kosa la kukoroga asali yake kwenye chai kabla ya kuionja.

"Wewe usiongee sana, ataongea mshenga," Nyamizi aliniambia. "Kazi yako ni moja tu. Baba ataleta asali. Ule, ufurahi, na tafadhali Kulwa, usikunje uso. Wiki hii amekuja mnunuzi kutoka mjini, ameonja, kakunja uso, kasema imetiwa sukari, kaondoka. Tangu hapo baba hana raha na mtu. Ukimkera, hii habari yetu imekwisha."

Nikamjibu, "Asali? Hiyo ndiyo kazi?" Nikacheka kabisa. Mnyamwezi kupewa mtihani wa kula asali!

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nimetoka safari, macho mekundu, kichwa kizito. Nikaona bora nipige kopo moja nichangamke. Nikalipiga. Nilipomaliza nikanusa pumzi yangu, nikaogopa: je, mzee akidhani ni pombe? Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo wa kijinga. Nikachukua mswaki, nikaongeza na mkaa niliousaga mwenyewe ili meno yawe meupe ukweni, nikasugua palepale, nikasugua kama nasugua sufuria iliyoungua ugali. Yaling'aa jamani. Nilijitazama kwenye kioo cha lori nikatabasamu mwenyewe.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Mihayo, mzee wa reli aliyestaafu, mtu wa maneno mengi na hakuna hata moja analolipima. Tulipokewa vizuri. Shikamoo, marahaba, za safari, nzuri, tukala wali na kuku (mimi upande wa kushoto), baba mdogo akazunguka na salamu zake za kuomba jiko mpaka ikaeleweka tumefuata nini. Mzee Nkwabi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na bakuli.

"Hii," akasema, "nimeirina mwenyewe. Kuna watu siku hizi wanasema sijui imefanywaje. Onja, kijana."

Akachota kijiko kimejaa, akanipa mkononi, na akainama kunitazama usoni kabisa. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni na trei. Nikatia kijiko mdomoni.

Ndugu zangu, nilisikia moto unapanda kutoka jino la kulia, unapita sikioni, unatokea kwenye nywele. Uso ulijikunja wenyewe, sikuukunja mimi. Machozi yakanitoka. Nikaona mzee anavuta kiti nyuma taratibu.

Nikasema nijiokoe kwa maji. Nikanyakua kikombe, maji ya mtungi, baridi kama yametoka kisimani alfajiri. Hapo sasa na upande wa kushoto nao ukajibu! Maji sikuyameza wala asali sikuimeza, nikavikusanya vyote shavuni, nikafumba mdomo, nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba mambo ni mazuri. Nadhani nilionekana kama mtu anayekataa.

Na Mungu hana haraka ya kumaliza mtihani. Muda huohuo akaingia bibi yake Nyamizi, anatembelea mkongojo, akasimama mbele yangu akisubiri. Mtaniambia ningefanya nini? Bibi wa mchumba wako amesimama mbele yako, utakaa kimya? Nikasimama, nikainama kwa adabu zangu zote, nikafungua mdomo kusema shikamoo, na maji yote na asali yote vikamwagika kwenye shati la watu, vikachuruzika mpaka kwenye mkeka.

"Marahaba," akajibu bibi, maana ndiyo zamu yake ilikuwa imefika.

Mzee Nkwabi akanyanyuka. "Umeitema asali yangu."

"Hapana mzee," akadakia baba mdogo Mihayo kabla sijafuta kidevu, "kijana amefunga."

"Amefunga? Na yule kuku amemla nani?"

"Yaani… amefunga vitu vitamu. Ana mzio. Asali inamdhuru."

"Mnyamwezi ana mzio wa asali?" Mzee sauti ilimpanda. "Kwa hiyo na nyie mnasema ni sukari! Mmetumwa na yule mnunuzi?"

Wakati huo nyuki mmoja alikuwa ameshatua kifuani pangu, akafuata wa pili, na mimi nimesimama kama nguzo, mikono juu, asali inadondoka, Nyamizi mlangoni analia bila sauti. Yale machozi yake ndiyo yaliyonimaliza. Niliona wazi kwamba nikikaa kimya nampoteza kwa ajili ya uongo wa mshenga na aibu yangu mwenyewe.

"Baba, meno!" nikapiga kelele. "Asali yako haina shida, ni meno yangu! Yameoza!"

Ungekuwepo ungesikia hata nyuki wanavyotembea. Nikaeleza yote, enaji, safari, mkaa, mpaka habari ya kutafunia kushoto. Mzee akanisogelea, akawakung'uta nyuki kwa kiganja bila wasiwasi, akaniambia, "Fumbua." Nikafumbua mdomo wangu mbele ya ukoo mzima kama ng'ombe mnadani. Akachungulia. Bibi naye akachungulia, akasema meno yake mwenyewe, hayo machache, yana afya kuliko yangu.

Halafu Mzee Nkwabi akakaa chini, akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapangusa macho. "Wiki nzima silali," akasema. "Nilidhani mizinga yangu imeharibika. Kumbe ni huyu ameharibika, na yule mnunuzi labda naye ni meno!"

Nilijisikia mzigo umeshuka, ingawa yeye hakuwa amemaliza. "Lakini binti simtoi leo. Nenda katibiwe. Ukiweza kula kijiko cha asali hii bila kulia, rudi na mshenga wako, ila mwambie apunguze uongo."

Kwa daktari wa meno pale Tabora nilikutana na dada mpole, akaniuliza huwa nakunywa nini. Nikasema maji. Akanitazama tu. Nikasema basi, na enaji.

"Unakunywaje?"

"Kidogo kidogo, kutwa."

"Ndiyo hapo," akasema. "Ile ni sukari na asidi. Asidi inalainisha ganda gumu la jino, na mate ndiyo yanayosaidia kulikaza tena, lakini yanahitaji muda. Wewe kila yakianza kazi unayapigia funda lingine. Na mswaki unapiga saa ngapi?"

Nilipomsimulia habari ya mkaa aliweka vifaa chini. Akanieleza kwamba ukisugua jino likiwa bado limelainika unalikwangua, usubiri kwanza, usukutue kwa maji. Jino moja likang'olewa, mawili yakazibwa, nikapewa dawa ya mswaki kwa ajili ya meno yanayopata ganzi na onyo ambalo sikuhitaji, maana ukweni walishanionya.

Tulirudi Urambo mvua zilipoanza. Safari hii hakuna aliyeniuliza habari za safari. Mzee alikuja moja kwa moja na bakuli, bibi akavuta kigoda karibu asipitwe, Nyamizi akashika trei kwa mikono miwili. Nikatia kijiko mdomoni, nikafumba macho, nikausubiri ule moto. Niliusubiri sana. Haukuja. Ilikuwa tamu tu jamani, tamu mpaka nikasikia harufu ya maua ya porini, na machozi yakanitoka tena, ila ya kufurahi.

"Unalia tena?" akauliza Mzee Nkwabi, uso umeanza kubadilika.

"Hapana baba," nikasema, nikamrudishia kijiko. "Naomba kingine."

Siku hizi usingizi ukinishika naegesha lori pembeni nalala, tajiri akipiga simu namwambia nimelala, na kopo la enaji hata la bure silishiki. Jino moja limekwenda, mke nimempata, na kila tukienda kwao bibi lazima anichungulie mdomoni kwanza ndipo aitikie shikamoo yangu.