Ndala mpya zimetundikwa kwenye bomba

Mke wangu amekufa. Kapigwa na umeme akifungua bomba la maji kwenye banda la vifaranga. Ilikuwa asubuhi, watu wanakunywa chai.

Admin nifiche. Nina miaka arobaini na tisa, naishi Tabora mjini, ni kibarua, nachimba mitaro na mashimo ya vyoo. Shule niliishia la tatu, mtanisamehe maandishi. Marehemu nitamwita Mama Kulwa.

Tulikuwa tunakaa chumba cha uani kwa mama mmoja mtu mzima, tunamwita Bi Mkubwa. Ana kiwanja kirefu nyuma ya nyumba, kote kapanda mchicha, na mwisho kabisa kajenga banda la vifaranga. Vifaranga vinataka taa ya joto na maji. Umeme na maji viko nyumba kubwa. Akaniita nichimbe mtaro. Nikauliza mmoja au miwili, wa maji na wa waya? Akasema, "Miwili ya nini? Utanimalizia mchicha wangu." Nikachimba mmoja. Fundi akalaza waya na bomba la chuma humo humo mimi nimeenda kula. Niliporudi nikaambiwa fukia. Nikafukia.

Mama Kulwa akapewa kazi ya kutunza vifaranga. Siku chache baadaye akaniambia, "Baba Kulwa, lile bomba linanitekenya."

Nikamwambia limekupenda.

"Cheka tu," akasema. "Jana limeniuma mpaka kwenye kiwiko."

Tukamwambia Bi Mkubwa. Akasema, "Vaa ndala mwanangu, na ushikie khanga kavu. Ndo mabomba yalivyo." Basi ikawa hivyo. Kila akitaka maji, anavaa ndala, anakunja khanga, anafungua. Hata sisi tukazoea. Mgeni akija kunawa, anaambiwa ngoja, vaa kwanza ndala.

Mvua zikaanza. Ndala ikakatika kamba.

Nilisikia ndoo imeanguka. Nikakuta kalala kwenye tope, mguu mmoja una ndala, mmoja hauna. Maji yanatoka tu. Nikainama nimshike. Bi Mkubwa akapiga kelele nyuma yangu, "Usimguse! Ngoja nizime!" Akakimbilia swichi kubwa ndani. Sikumgusa mpaka alipozima.

Watu walipojaa, yule yule Bi Mkubwa akasema ni presha. Sanda katoa yeye. Mchele katoa yeye. Ndugu wa marehemu wanamshika mikono, ahsante mama, ahsante mama.

Sasa yule fundi ni Mgogo. Sisi Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu. Mtani msibani anasema lolote, na kukasirika hairuhusiwi. Makaburini akaruka ndani ya shimo, akalala, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Watu wanalia huku wanacheka. Alipopewa akatoka, akaanza kumwigiza Mama Kulwa, anatembea kwa vidole, khanga mkononi, anachungulia bomba kama nyoka. Akasema, "Wanyamwezi nyie! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, nyie waya mmoja tu unawashinda? Waya ulikuwa mfupi, nikauunga, nikaufunga na mfuko wa nailoni. Nikamwambia mama mwenye nyumba, huu ukilowa utaua mtu. Akasema fukia, vifaranga vyangu vinapigwa baridi. Haya, vifaranga si vimepona?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bi Mkubwa naye akacheka, kaziba mdomo na khanga. Mimi sikucheka.

Nikamfuata pembeni. "Uliyosema ni kweli?"

"Kwani nimesema nini?"

"Waya. Nailoni."

Akanigonga begani. "Mnyamwezi wewe, utanipeleka polisi na utani? Nenda. Watakucheka mpaka mahabusu." Anacheka na mdomo. Macho hayacheki.

Nikamwambia kaka wa marehemu. Akasema, "Shemeji, neno la mtani linabaki makaburini. Ukilibeba kwenda nalo nyumbani umebeba balaa. Na huyo mama ndo katuzikia dada yetu." Akaondoka.

Nilidhani yameisha. Mdogo wake marehemu alikuja msibani kutoka Bukene. Bi Mkubwa akamwita, "Usirudi kijijini mwanangu, kaa hapa, shika kazi ya dada yako." Binti kafurahi. Nimemwambia usiliguse lile bomba. Kaniambia, "Shemeji, una majonzi. Mbona mama kanionyesha ndala?"

Nikaenda kuangalia. Kweli. Ndala mpya, za bluu, zimetundikwa kwenye bomba. Taa ya banda inawaka. Chini pamelowa.

Nikamfuata Bi Mkubwa, nikamwambia tufukue ule mtaro. Akaniangalia. Akasema taratibu, "Baba Kulwa, unakaa kwangu. Nimekuzikia mke. Sasa unanitafutia nini?" Akaniambia kuna banda la pili linajengwa, niende nikauendeleze mtaro ule ule, nianzie pale pale bombani. Fundi ni yule yule.

Nikienda serikali ya mtaa nitasema nini? Kwamba mtani kaniambia? Fundi atakana. Wakwe watasema nimemtukana aliyewasitiri. Chumba nitatolewa. Nikinyamaza, binti wa watu ataamka afungue bomba, na ndala zinakatika, nimeona. Kuna wakati nawaza niukate ule waya mwenyewe na jembe. Waya una moto, najua, lakini ninapajua ulipo kuliko mtu yeyote.

Nyie wasomaji mko wengi, wengine mna akili za shule. Msiniambie nimwachie Mungu, hilo nimeshaambiwa. Niambieni cha kufanya leo. Binti anaanza kazi kesho asubuhi. Na mimi kesho narudi kazini.