Bega la Swala kwa Papa Nadège

Aibu hii sijaizoea bado, kwa hiyo mkinicheka chekeni polepole, maana hadi leo nikifika karibu na bucha moja pale Overport, hapa Durban, navuka barabara nipite upande wa pili.

Mimi ni dereva wa lori, nabeba makontena kutoka bandarini, na mwaka jana nilitaka kumuoa Nadège. Baba yake, sote tunamwita Papa Nadège, alikuwa mwindaji kule Kivu kabla ya kuja Durban kushona viatu, na katika ukoo wao hakuna mazungumzo ya posa mpaka kijana alete bega la mnyama aliyempiga kwa mkono wake mwenyewe. Bega, si paja, si mbavu. (Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.)

Bahati yangu, au mkosi wangu, Baba Mkhize, msimamizi wetu wa malori, huenda kuwinda kila majira ya baridi kwenye shamba la rafiki yake huko bara, akanifundisha kulenga shabaha wikiendi kadhaa, kisha akakubali nimfuate. Asubuhi ya siku yenyewe akaniwekea pakiti mbili za risasi juu ya boneti. Moja nzito, inafunguka polepole ndani ya nyama. Nyingine nyepesi, ya ncha laini, inakwenda mbio sana na ikigusa mfupa inapasuka na kutawanyika.

"Leo tunapiga karibu, vichakani," akasema. "Chukua nzito. Na usipige begani, piga nyuma yake kidogo, kwenye mapafu."

Mimi sasa! Tangu alfajiri nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kwamba swala atakimbia na jeraha lake, apotee, afe kwa mateso huko, nami nirudi mikono mitupu, na wiki nzima nilikuwa natazama kwenye simu video za jamaa wanaoapa kuwa ncha laini ndiyo inayoangusha papo hapo, basi nikachukua nyepesi.

"Eish," akasema Baba Mkhize. "Mkwe ni wako."

Swala akatokea hatua kama arobaini. Nikaharakisha, mtutu ukasogea kidogo mbele, nikafyatua, naye akaanguka palepale, nikaruka nikipiga kelele peke yangu. Baba Mkhize hakupiga kelele. Tulipochuna ngozi ndipo nikaelewa kwa nini. Nje palikuwa na tundu ambalo ungeliziba kwa kidole, lakini ndani risasi ilikuwa imegonga mfupa wa bega na kufumuka hapohapo, mfupa umekuwa vipande, nyama imekuwa uji mweusi wa damu wenye chembe za shaba, na bega la upande wa pili nalo limeraruliwa.

"Ile nzito ingepita na kukuachia nyama," akasema, akaenda kunawa.

Mapaja yalikuwa mazima, mazuri kabisa. Nani aliniomba paja?

Kosa la pili nililifanya kwa akili zangu timamu. Kesho yake, baada ya ibada, wazee walikuwa wananingoja nyumbani kwa Papa Nadège, Queensburgh, na njiani nikapitia ile bucha ya Overport, nikanunua bega la kondoo, nikalifunga kwenye gazeti, la swala nikaliacha kwenye kisanduku cha barafu ndani ya buti. Nilijiambia nyama ikishachunwa nani ataijua?

Mwindaji ataijua. Papa Nadège akafungua gazeti mbele ya sebule iliyojaa watu, Nadège kavaa kitenge kipya, mama yake kashika beseni tayari. Akanusa. Akaligeuza. Akapitisha kidole taratibu akitafuta tundu la risasi, na mimi jasho linanitiririka mgongoni katikati ya baridi. Kidole kikasimama kwenye mafuta, juu ya muhuri wa zambarau wa machinjioni.

"Kijana," akasema, "swala yako iko na muhuri. Miye tangu nifike mu hii inchi niko natafuta muhuri ku makaratasi yangu, kumbe mnyama wa pori amenipita?"

Sebule nzima ikaangua kicheko, mzee mmoja wa kanisa mpaka akatoka nje kwa kukohoa. Nadège hakucheka. Nilitamani sakafu inimeze.

Nikaenda kwenye gari, nikaleta bega la kweli. Papa Nadège akaliinamia, akachokoa kipande cha shaba, akakiweka kiganjani mwangu.

"Risasi ya laini, karibu, na ukapata mufupa. Hii ningeipokea. Mutu mwenye anapiga mubaya, ninamufundisha. Mwenye ananificha, ninamupa mutoto namna gani?"

Posa ikasogezwa mpaka majira ya baridi yafuatayo. Nadège akanisindikiza hadi kwenye gari, na nilipowasha injini akainama dirishani.

"Nitangoja," akasema. "Lakini si mara mbili."

Sasa baridi imeanza tena, na Jumamosi tunaondoka. Nina pakiti moja tu, nzito, na kile kipande cha shaba kiko mbele ya usukani, nakiona kila nikisimama kwenye robot, taa za barabarani. Nimeapa: nikipiga vizuri nitaleta bega, na nikiharibu nitaleta uji uleule kwenye beseni, mbele ya watu wote, na nitasema mwenyewe kabla Papa Nadège hajauliza.