Mercedes ya Uccle

Niliitwa nisikilize injini, na injini niliisikiliza vizuri. Kwa hilo hakuna wa kunilaumu. Ubaya wangu ni lile nililoliona kwa macho yangu nikalimeza, nikafunga sanduku langu la spana na kwenda nyumbani kula.

Naitwa Ghislain, fundi magari, mzaliwa wa Likasi kule Katanga. Naishi Schaerbeek tangu mwaka 1995. Watu wetu wa hapa Brussels hawanunui gari kuukuu bila kufuatana na fundi. Fundi anainama, anagonga, anakunja uso hata kama gari ni zima, ili bei ishuke. Halafu kwenye safari ya kwanza ndefu lazima naye awemo, atege sikio. Malipo yake ni sahani ya bukari, ugali wa kwetu, na chupa mbili baridi. Kazi hiyo niliipenda, siwezi kudanganya. Ila tangu Mei ya 1997, mtu akinigongea mlango kwa habari ya gari, kwanza namuuliza linauzwa na nani.

Aliyenigongea Mei ile alikuwa Mwenze, rafiki yangu, mpanga mizigo kwenye ghala moja karibu na mfereji. Alitaka gari la Jumamosi na Jumapili tu, maana kazini alikwenda kwa miguu. Liwe laini kukalia, tena liwe na nguvu.

"Deux cent mille, Ghislain," akaniambia. "Hata franc moja juu, hapana."

"Laini, tena lenye nguvu, kwa laki mbili? Unataka kuoa bibi wa pili?"

Hakucheka. "Ni ya Marie-Jeanne," akasema, nami nikaona haya.

Marie-Jeanne, mke wake, alikuwa na miaka thelathini na minane, mnene kidogo, sauti ya chini. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha vikongwe wa Kibelgiji majumbani mwao, wanne kwa siku, na kote alikwenda kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe. Schaerbeek imejaa tramu, lakini yeye hakupanda hata moja. Tramu ikipita aligeuza uso ukutani mpaka mlio wa chuma uishe. Majirani walidhani ni ubahili.

Haukuwa ubahili. Alizaliwa Likasi kama mimi, lakini baba yake alitoka Kasai. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwetu. Walitolewa majumbani, wakarundikana kwenye kituo cha treni, wakingojea treni ya kuwapeleka kwa mababu zao ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Mwenze alikuwa ameshatangulia Ulaya kutafuta maisha. Marie-Jeanne alikaa kituoni na wazazi wake wiki saba, juu ya mkeka mmoja, wakipikia sufuria moja. Baba yake alifia hapohapo kwa kuhara. Walimzika nyuma ya reli, haraka haraka, bila kukaa matanga, kwa sababu ilivumishwa kwamba treni inakuja. Ikaja siku tisa baadaye. Watu walisukumana, akaangukia chuma cha behewa, na mgongo wake haukupona tena. Safari yenyewe ilikula wiki tatu, treni ikikokota na kusimama, ikikokota na kusimama.

Na sasa mama yake, yule mjane, alikuwa ameletwa Liège kwa binti mdogo, Pétronille. Kutoka Brussels ni mwendo wa saa moja kwa treni. Mama mzee miguu ilikuwa imemvimba, hatoki nje. Marie-Jeanne hakuwa amemwona kwa miaka mitatu. Mara mbili Mwenze alimfikisha mlangoni pa stesheni ya Gare du Nord, na mara mbili alimrudisha nyumbani nguo zimelowa jasho. Mimi nilimpakia siku moja kwenye kigari changu cha kazi. Tulipoanza mlima wa kuelekea Leuven malori yakatupita, kigari kikakohoa, naye akashika mlango kwa mikono miwili. "Inakokota," akasema. "Ghislain, geuza. Inakokota sawa ile train." Tukageuza.

Kwa hiyo msidhani Mwenze alitaka anasa. Alihitaji kiti kisichouma mgongo ule na injini isiyokokota, kabla mama mzee hajafa Liège na kuzikwa haraka kama mumewe. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Tulitazama magari matatu. La kwanza lilikuwa la Kiswidi, refu, kwa muuzaji Mturuki hapa hapa Schaerbeek. Viti vizuri, lakini gari lilikuwa limechoka, na nilipokanyaga mafuta lilifikiria kwanza. La pili tuliliona karibu na uwanja wa Flagey, mali ya kijana mmoja wa Kibelgiji. Nguvu lilikuwa nazo za kukutoa machozi, ila alikuwa amelishusha chini na kulifunga viti vigumu kama benchi la kanisa. Marie-Jeanne alikuwa na namna yake ya kupima: aliketi, akafumba macho, akapitisha mkono nyuma ya kiuno. Hapo Flagey alitoka ameshika kiuno.

La tatu lilitangazwa kwenye kikaratasi ukutani kwa kinyozi. Mercedes, ya 1989, silinda sita, buluu inayokaribia weusi, iko Uccle. Deux cent mille. Bei ya kutupa, nusu ya thamani yake. Lakini miezi ile serikali ya zamani ya kwetu ilikuwa inaanguka, na wakubwa wenye majumba Uccle walikuwa wanauza kila kitu, mpaka mapazia. Sikushangaa.

Uccle ni miti na ua uliokatwa sawasawa, na kimya kiasi kwamba unasikia viatu vyako mwenyewe. Geti lilijifungua lenyewe, likivuma polepole. Mwenye gari akatoka na kandambili na joho la kuogea, mzee mrefu, mnene shingoni. Nilimjua kabla hajafungua mdomo.

Agosti 1992, uwanja wa mpira wa Likasi. Alisimama jukwaani amevaa suti nyeupe, akashika kipaza sauti, akapaza sauti ile yake inayopanda mwishoni: "Kila muntu arudie kwabo!" Akarudia mara tatu, redio ikiirusha sauti hiyo mji mzima. Uwanja mzima ukapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya tano. Wiki iliyofuata nyumba zilianza kuchomwa.

Yeye hakunijua, angenijuaje? Akaongea na Mwenze kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu aliyechoka. Mwenze hakumjua, alikuwa Ulaya tangu zamani. Nikajilaza chini ya gari, nikakaa huko kuliko ilivyohitajika, nikitazama chuma ambacho hakikuwa na kosa lolote.

"Ghislain, iko je?"

"Iko bien," nikajibu kutoka chini.

Na ilikuwa bien kweli. Injini ilinong'ona tu. Marie-Jeanne, aliyekuwa akingoja barabarani kwenye kigari changu, akaja, akaketi mbele, akalaza kiti, akafumba macho, akapitisha mkono nyuma ya kiuno. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipofumbua macho alikuwa anatabasamu, na mimi sikuwahi kuliona tabasamu lake mpaka siku hiyo.

"Hii," akasema. "Hii haiumize."

Ningesema nini? Nikilitaja jina la yule mzee, gari limekwenda na Liège imekwenda. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini nisijifanye mwema: nikimtaja, Marie-Jeanne angeniuliza nimemjulia wapi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya kazi, tulirudi watatu kulichukua. Hapa Ubelgiji namba ya gari humfuata mtu, haifuati gari. Mzee mwenyewe alikuwa amefungua kibao chake na kukiweka kwapani, nami nikafunga kile kipya cha Mwenze. Nikajidanganya kwamba uchafu wote umebaki kwapani mwake. Mzee siku hiyo alichangamka, pesa ilikuwa mfukoni. Akamuuliza Mwenze, sasa kwa Kiswahili, ametoka wapi.

"Likasi, papa."

"Likasi! Batu ba kwetu!" Akacheka, akamshika mkono, akatusindikiza hadi getini. Marie-Jeanne alikuwa ameshaingia garini, kioo kimeshushwa, kiganja chake kinapapasa ngozi ya kiti. "Bon," mzee akasema, akipunga mkono. "Kila muntu arudie kwabo!"

Sauti ileile, ikapanda mwishoni vilevile. Kile kiganja kikasimama. Marie-Jeanne hakugeuka kumtazama mzee, alinitazama mimi. Nami nikatazama matairi.

Usiku huo sikulala. Nilisubiri simu, nilisubiri Mwenze aje kuniambia mkewe amekataa gari. Hakuja mtu. Asubuhi saa mbili honi ikalia chini, nami nikashuka. Marie-Jeanne alikuwa ameketi kwenye kiti chake kilicholazwa, kitambaa cheusi kichwani. Kwenye kiti cha nyuma, kando yangu, palikuwa na sufuria kubwa na mkeka uliokunjwa.

"Ni ya nini?" nikauliza.

"Ya mama," akasema.

Mwenze aliendesha huku akiimba. Mlima wa Leuven ukaja tukaupita bila kuusikia, malori yakabaki nyuma. Kila baada ya muda aliniuliza, "Unasikia kitu?" nami nikasema sisikii kitu. Marie-Jeanne hakushika mlango. Macho yalikuwa wazi, hayapepesi. Ningefurahi kumwona akilia.

Liège, kwa Pétronille, mama mzee alishikwa na Marie-Jeanne wakakaa hivyo, Mwenze akatoka kwenda koridoni kufuta machozi. Baadaye Marie-Jeanne akapiga magoti mbele ya mama yake na kuanza kumweleza jambo kwa Kiluba cha Kasai. Lugha hiyo siijui. Aliongea chini, bila haraka. Katikati ya maneno nisiyoyajua nikasikia kwa Kiswahili, sauti ikipanda mwishoni: kila muntu arudie kwabo. Mama mzee alimsikiliza hadi mwisho. Aliomba aletewe kitambaa chake, akakifunga kichwani, akanyoosha mkono ainuliwe.

"Anataka kutembezwa na gari mpya," Mwenze akasema, amefurahi.

Tulirudi barabara ileile, mama mzee kando yangu, sufuria mapajani pangu. Tulipokaribia Brussels Mwenze akawasha taa ya kuingia Schaerbeek.

"Hapana," mkewe akasema. "Uccle."

"Uccle kufanya nini?"

"Enda tu, bwana yangu."

Akaenda. Geti lilikuwa limefungwa, juu mwanga wa dirisha moja. Mwenze akazima injini, akageuka.

"Marie-Jeanne, kuko nini?"

"Muzee ya hii gari," akasema, "njo ile alitufukuza Likasi. Njo yeye, na hii sauti yake. Papa alikufa, hatukukaa matanga. Tutakaa hapa."

Mwenze aliuachia usukani kana kwamba umemuunguza. Akamtazama mkewe, kisha akanitazama mimi kwenye kioo. "Ghislain. Ulijua?"

Kudanganya tena sikuweza. "Nilijua. Siku ya kwanza. Nilikuwa ku stade, Mwenze. Nilipiga makofi."

Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige. Ni Marie-Jeanne aliyejibu, bila kugeuka.

"Minajua. Jana uliangaria mipira ya gari, haukuniangaria. Shuka, ubebe sufuria."

Nikashuka, nikabeba. Marie-Jeanne akatandaza mkeka kwenye njia ya miguu, mbele ya geti, katikati kabisa. Mwenze akambeba mama mzee kutoka garini na kumketisha. Wakavua viatu. Marie-Jeanne akaketi, mgongo ule ule mbovu umenyooka, akatazama nyumba. Mimi nilisimama na sufuria yangu nisijue mahali pangu, mpaka mama mzee akapigapiga ukingo wa mkeka kwa kiganja, nami nikaketi hapo. Ndipo wakaanza kulia, mama na binti, ule mlio mrefu wa msibani ambao mtaa ule haukuwahi kuusikia. Mapazia yakasogea nyumba ya jirani, na ya jirani yake.

Geti likavuma, likafunguka. Mzee alitoka amevaa suti mara hii, masanduku mawili nyuma yake mlangoni. Aliliona gari kwanza. Kisha akatuona sisi, mkeka, sufuria. Rangi ya uso wake ikabadilika, na sauti ilipotoka haikupanda popote.

"Maman, munangoja nini hapa?"

Mama mzee akaacha kulia. Akajifuta uso kwa pembe ya kitambaa na kumtazama vizuri.

"Train," akasema. "Haiyafika."