Skana ya Spea Yaamka Busia

Jumamosi, kwenye duka la kompyuta za mitumba hapa Busia, mama mmoja kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, alifungua laptopu yake juu ya kaunta. Ilitumia Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, na skana zote za dukani alizojaribu, mashine za kunakili karatasi hadi kwenye skrini, hazikuelewana nayo.

"Nikinunua skana ikavuka mpaka, siwezi kuirudisha," alisema. "Wacha nijaribu hapahapa."

Ikabaki skana moja kuukuu. Muuzaji akacheka. "Hiyo ni ya kung'olewa spea tu, mama. Kompyuta mpya zote zimeikataa."

Mama akachomeka waya, akalaza kiganja kwenye kioo. Taa ikatembea polepole. Kiganja kikatokea kwenye skrini, hadi kovu la jembe.

"Umeifanya nini?" muuzaji alinong'ona.

"Nimeichomeka tu."

Sisi wateja wengine tukapanga foleni kuijaribu, kila mtu na kiganja chake. Mpakani nimezoea foleni za vitambulisho. Hii ya mikono mitupu, hakuna aliyemsukuma mwenzake.