Kaburi Katika Jua la Machweo

Mume wangu alikufa kwa kiu jangwani, kaskazini ya Marsabit, baada ya lori alilokuwa akiendesha kuharibika. Utingo wake aliokolewa na wafugaji, na ndiye aliyeniletea habari Kaloleni, midomo bado imempasuka. Wafugaji hao walikuwa wamemzika mume wangu kando ya njia na kumfunika kwa mawe.

Kwetu magharibi, mwili usiporudi nyumbani huzikwa mgomba badala yake. Watu hulia, mjane hunyolewa, mambo yakaisha. Lakini baba mkwe hakukubali kukata mgomba kwa maneno ya utingo. Alitaka kuliona kaburi, na miguu yake haikuiweza safari hiyo. Bila mgomba mimi sikuwa mjane, na mke sikuwa. Nilitaka kulia nimalize, basi.

Nikamtuma kaka yangu. Alikuwa na studio ya picha Pumwani, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ziwa na ndege ya abiria, na Jumapili vijana walijipanga hapo na viatu vya kuazima. Alikuwa fundi, sikatai. Ila maringo! Harusi nzima ingemsubiri nje ya kanisa mpaka jua lishuke apendavyo yeye. Alidandia lori la mahindi ya msaada pamoja na utingo, akakaa huko hadi nikadhani jangwa limemchukua na yeye.

Picha ziliposafishwa, baba mkwe na mashemeji walikuwa wameshafika na kujaa chumbani mwangu, watoto wakala chakula nje. Kaka akazipanga mezani. Mungu wangu, zilikuwa nzuri! Mchanga ulikuwa na rangi ya asali, umejikunja kama shuka mtu akishaamka, na kwa mbali rundo la mawe lenye kivuli kirefu. Mizoga ya ngamia ilikuwa imetapakaa pale pale, aliniambia baadaye, lakini aliikwepa kwa sababu ilimharibia picha.

Baba mkwe akaishika moja karibu na dirisha.

"Kaburi ni hili?"

"Ndilo, mzee."

"Haya ni mawe tu." Akaiangalia tena, kwa muda, na uso wake ukalainika. "Mtu hafi kwa kiu mahali kama hapa. Mwanangu amepata pake."

"Amepata bibi huko," shemeji mmoja akasema, wakacheka. Utingo, aliyekuja na kaka, akaapa upya kwamba amekufa. Wakamwambia watu wa malori hufichiana siri.

Nikamgeukia kaka. "Hukupiga hata moja mchana?"

"Sista, saa saba jua inaua picha. Kila kitu inakuwa nyeupe tu."

"Hiyo saa saba ndiyo iliyomuua!"

Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Kaka alianza kuzikusanya picha zake, lakini baba mkwe akaomba abaki na ile ya rundo la mawe, akamwonyeshe mama mkwe anakoishi kijana wao.

Kabla ya kuondoka walisimama kuomba, Wakristo wazuri kabisa, Mungu amlinde huko aliko na amrudishe salama. Hapo nikaangua kilio. Baba mkwe akafumbua macho, akanikemea ninyamaze, maana kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo.