Kitu cha Kuonyesha

Mke wa seremala alikuwa na kaka wakili, na hilo ndilo lililommaliza mumewe. Mtaani kaka huyo waliwahi kumbandika jina la Bwana Hati, kwa kuwa tangu aanze kuvaa suti hakuwahi kushika kesi yoyote isipokuwa ya viwanja. Mahakama ya jinai aliijua kwa nje, kama sisi wengine.

Kesi yenyewe ilianza kipuuzi. Seremala alimwazima fundi mwenzake keekee ya betri, ile mashine ya kutobolea mbao. Jamaa akakaa nayo, betri ikiisha anaileta nyumbani kwa seremala ichajiwe, anaondoka nayo tena, hadi akaanza kuiita yake. Siku uvumilivu ulipomwishia, seremala akamfuata karakanani, akampiga kumbo, akaichukua. Mkononi alikuwa na patasi, maana alitoka kazini mbio. Polisi wakaandika unyang'anyi wa kutumia silaha.

Mke alianza vizuri. Alikwenda kwa mwanamama mmoja, wakili wa jinai, ofisi yake juu ya duka la viatu, mafaili hadi kwenye kiti cha wageni. Mama yule hakumpa hata pole.

"Patasi aliishikaje? Alimnyooshea?"

"Mume wangu si jambazi."

"Sikuuliza hilo. Keekee ni yake? Mna kitu cha kuonyesha?"

"Kwani unatuona wezi?"

"Mahakama itawaona hivyo. Dada, hili si shtaka la faini. Nenda nyumbani, tafuta chochote."

Akatoka pale amefura kwa hasira, akaenda kumlilia kaka yake.

"Mdogo wangu, watu baki wanapenda kutisha," Bwana Hati akamwambia. "Shemeji akubali tu, asibishane na hakimu. Watampiga faini, turudi nyumbani tule." Hati ya mashtaka aliikunja bila kufika mstari wa pili.

Mahabusu, seremala alisita. "Nikubali nimenyang'anya kitu changu?"

"Utamvunjia heshima kaka yangu?" mkewe akamuuliza.

Akakubali. Alimpenda mkewe, mjinga yule.

Kizimbani kila alichosomewa alijibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Patasi, ni kweli. Kumbo, ni kweli. Walipofika kwenye keekee ya mlalamikaji akamtazama shemeji yake, naye akamwitikia kwa kichwa. Ni kweli. Hakimu akampa miaka thelathini, kisha akaamuru kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe. Mlalamikaji akakipokea kwa mikono miwili.

Wiki haijaisha, hodi mlangoni. Alikuwa fundi yule, kofia mkononi, adabu tele.

"Samahani, shemeji. Chaja yake ilibaki huku kwenu."

Ilikuwa palepale ukutani ilipokuwa siku zote, taa yake ya kijani inawaka. Mke akaikodolea macho. Kila siku alifagia chini yake. Hiki ndicho alichotumwa kukitafuta, na wala hakuinua kichwa kukitafuta, kwa sababu aliudhika.

Bwana Hati alikuwa mezani kwa dada yake, anakula. Hata hakugeuka.

"Mpe, yaishe," akasema.

Mke akaichomoa, akaukunja waya wake vizuri, akampa.

"Asante, shemeji," fundi akasema. "Msalimie mzee ukienda kumwona."