Ufa Ulioshiba Maji

Shida yangu ilianza 1981, nikiwa na miaka ishirini na tatu, siku mwenzangu wa kibanda pale Kariobangi aliponipiga taya kwa mpini wa tezo, kishoka chetu cha kuchongea. Nilikuwa nimenunua gogo la mpingo baada ya mvua. Sisi wachonga vinyago hugonga gogo na kusikiliza. Likilia safi, ni zima. Lile lililia safi. Likakauka, likapasuka katikati, kinyago cha mwezi mzima kikawa kuni.

"Masikio yako yanafuga nta tu," akaniambia, kisha akapiga. Nami nilimvunja vidole viwili. Msamaha sijamwomba.

Mng'oa meno wa mtaani alisema nina jino lililopasuka. Akanikalia kifuani, akang'oa gego kwa koleo. Maumivu yakabaki. Akang'oa la pili, likaja na nyama ya ufizi. Maumivu yakabaki. Akataka la tatu. Nikamwambia anipe wiki, maana upande ule lilikuwa limebaki hilo tu la kutafunia, na mimi si wa kuishi kwa uji.

Wiki hiyo mteja wangu, mwalimu wa chuo, alikuwa ameniagiza jino kubwa la mbao la kufundishia. Nilipompelekea, nilimkuta akiitukana kompyuta iliyojaa chumba kizima. Akanieleza kuwa ndani yake amejenga jino la hesabu tupu, lenye ufa, analipigia sauti ambayo sikio halisikii, aone mwangwi unarudije. Alitaka siku moja daktari ajue jino bovu bila kulichimba. Kwenye kompyuta ufa ulirudisha mwangwi mkali. Kwenye meno halisi yenye ufa, aliyoyahifadhi kwenye chupa ya maji, chombo chake kilisikia kidogo sana.

Nilicheka mpaka taya likanichoma.

"Mwalimu, ufa wako wa kompyuta ni mkavu. Nyufa za meno ya chupani zimeshiba maji, na ufa ulioshiba maji haulii. Mimi nimepigwa taya kwa hilo."

Akatoboa upya kadi zake za kuipa kompyuta maagizo, akaujaza maji ule ufa wa hesabu. Niliporudi baada ya siku mbili, mwangwi wa kompyuta ulikuwa umefifia kama wa chupani.

Ndipo nikatoa mfukoni magego yangu mawili yaliyong'olewa, makavu kwenye karatasi. Akayapaka mafuta kidogo juu ili sauti ipenye, akayapima moja moja, akarudia.

"Fundi, haya yalikuwa mazima."

Akaniandikia barua ya hospitali. Huko wakaona ni mfupa wa taya uliovunjika, wakaufunga kwa waya.

Waya ulipotoka, nilimtafuta mng'oa meno. Alinitoa mawili, nami nikamtoa mawili, ya mbele, kwa ngumi. Yeye sikumkalia kifuani.

Leo nina ploti Kariobangi, nyumba sita za kupangisha, kibanda changu mwenyewe, tezo tano, ule mpini ulionipiga, na meno thelathini, lile la tatu likiwemo.